Tangi kubwa la samaki huharibiwa na stendi mbovu, si na uzito wa maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wanaotaka kuweka tangi kubwa la samaki nyumbani, pamoja na mafundi seremala watakaopewa kazi ya kulitengenezea stendi. Kurasa za nyumba na mapambo huandika mengi kuhusu aina za samaki, mimea na taa. Kile kinachobeba vyote hivyo hupewa mstari mmoja tu: weka juu ya meza imara. Ushauri huo haumpi fundi kipimo chochote. Tangi linaanza kuvuja miezi kadhaa baada ya kujazwa, na lawama humwendea aliyegundisha vioo, wakati kosa liko chini yake.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Ujazo wake ni lita 432, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili lina mita za mraba 2.88 za kioo, yaani kilo 86 kabla hata ya tone la maji. Mchanga na mawe huchukua nafasi ya maji, lakini ni mazito kuliko maji yaliyoyapisha, kwa hiyo ongeza kilo 50 hivi. Weka na kifuniko na taa, halafu ujumlishe: fundi ajenge kwa kilo 600. Maji ya chumvi yataongeza kama kilo 11 tu, na hizo hazibadilishi mchoro.

Kilo 600 zinatisha mtu akizisikia, ila kwa mbao iliyosimama wima si mzigo wa ajabu. Nguzo fupi ya mbao laini, yenye milimita 45 kwa 95, ncha zake zikiwa zimekaa sawasawa, hubeba zaidi ya tani moja peke yake. Ni nadra sana mguu wa stendi kuvunjika. Kinacholiua tangi ni boriti ya juu kubonyea katikati, au stendi nzima kujisokota na kulala upande. Kioo hakijui kufuata umbo la kitu kilicho chini yake. Kona moja ikishuka milimita 2, kitako cha tangi hakikai tena, kinaning'inia, na mkazo wote unahamia kwenye viungo vya silikoni. Silikoni hiyo tayari ina kazi yake: maji ya kimo cha sentimita 60 husukuma kioo cha mbele cha tangi hili kwa nguvu inayolingana na kilo 216, usiku na mchana. Haihitaji kuongezewa mzigo wa kusokotwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni njia ya uzito. Uzito uteremke kutoka kwenye tangi hadi sakafuni kwa mbao kukalia mbao. Skrubu zipo kuzuia mbao zisihame; kubeba si kazi yake. Stendi nyingi zinajengwa kinyume cha hapo: boriti ya juu hubandikwa ubavuni mwa mguu na kukazwa kwa skrubu mbili tatu, kwa hiyo kilo zote 600 zinaning'inia kwenye vyuma vyembamba. Siku ya kwanza inasimama vizuri. Baadaye skrubu inaanza kukandamiza nyuzi za mbao, tundu linarefuka, boriti inashuka milimita moja, na kwa kawaida haishuki sawa pande zote. Skrubu nyeusi za kufungia mbao za jipsamu ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu chuma chake ni kigumu lakini hukatika ghafla bila kuonyesha dalili ya kupinda. Misumari nayo huchomoka taratibu kila stendi inapotikisika.

Jambo la pili ni ubao kusimamishwa. Ugumu wa boriti dhidi ya kupinda hufuata unene wake mara moja tu, lakini hufuata kimo chake mara tatu: ukiongeza kimo maradufu, boriti inakuwa ngumu mara nane. Hebu tuone kwenye tangi letu. Boriti ya mbele hubeba nusu ya mzigo, kilo 300, juu ya uwazi wa kama sentimita 103 kati ya nguzo za pembeni. Mbao laini ya milimita 45 kwa 95 ikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba itabonyea kama milimita 1.5 katikati. Ubao huohuo ukilazwa utabonyea zaidi ya milimita 6. Ukichukua ubao wa milimita 45 kwa 145 na kuusimamisha, unabonyea chini kidogo ya nusu milimita. Na ukibaki na ule wa 95 lakini ukaweka nguzo moja katikati, kupinda kunakaribia kwisha: kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kumbuka pia kwamba mbao iliyobeba mzigo bila kupumzika huendelea kulegea kwa miezi mingi, na mwisho wa yote inaweza kufikia karibu mara mbili ya ilivyobonyea siku ya kwanza. Milimita 1.5 ya leo ni karibu 3 ya mwakani. Lengo liwe chini ya nusu milimita siku ya kwanza.

Hapa niseme neno kuhusu chuma, maana wengi huamini kwamba chuma chochote kinashinda mbao. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 3, juu ya uwazi uleule wa sentimita 103, hubonyea kama milimita 2, yaani zaidi ya ubao wa 45 kwa 95 uliosimamishwa. Chuma ni kigumu sana, lakini bomba hilo ni fupi kwa kimo. Ukitaka chuma, weka nguzo ya katikati au tumia bomba lenye kimo kikubwa zaidi. Pia mchomeleaji ashike kwanza kila kiungo kwa nukta ndogo, apime, ndipo akamilishe kwa kuruka kutoka kona moja hadi ya mshazari wake. Akimaliza kona moja yote kabla ya nyingine, joto litaivuta fremu na kuisokota, na fremu ya chuma iliyosokotwa haina randa ya kuisawazisha.

Turudi kwenye mbao. Vipimo vifuatavyo ni vya stendi ya tangi hilo la 120 kwa 60. Uso wa juu uwe sentimita 122 kwa 62, ili ukingo wa tangi uingie ndani kwa sentimita moja kila upande. Kioo kinakaa hivyo juu ya boriti yenye unene wa milimita 45, sio kwenye ncha yake. Stendi isiwe ndogo kuliko tangi hata kwa milimita moja.

Mbao zote ni za milimita 45 kwa 95 baada ya kupigwa randa. Kata vipande 4 vya sentimita 122, vya mbele na nyuma, juu na chini. Kata vipande 6 vya sentimita 53 vya kuvuka, vitatu kwa kila fremu: viwili vya mwisho na kimoja cha katikati. Hizo 53 zinatokana na 62 kutoa unene wa boriti mbili. Halafu kata nguzo 12 za sentimita 61. Jumla ni mita 15 na nusu. Nunua 17 au 18 ili uweze kukwepa vifundo vikubwa na ncha zilizopasuka. Kimo cha fremu mbili na nguzo kitakuwa sentimita 80.

Mpangilio wa nguzo ndio moyo wa kazi. Kila kona ipate nguzo mbili zilizofungwa pamoja kwa umbo la L: moja isimame chini ya boriti ndefu, nyingine chini ya boriti fupi. Katikati, mbele na nyuma, weka nguzo mbili mbili kwa umbo la T: moja chini ya boriti ndefu na nyingine chini ya ncha ya boriti ya kuvuka. Hivyo hakuna boriti hata moja ya juu inayotegemea skrubu, kila moja ina mti chini yake, na mti huo unakalia boriti ya chini inayogusa sakafu kwa urefu wake wote. Wengi huweka nguzo chini ya boriti ndefu peke yake na kusahau kwamba vioo vya ubavuni vina uzito pia.

Nguzo 12 lazima ziwe na urefu mmoja, na hapa sitaki mzaha. Usipime kila moja kwa tepu. Funga kizuizi kwenye meza ya msumeno, sukuma kila ubao mpaka uguse, kata, kisha zipange zote 12 zikiwa zimesimama kwenye uso ulionyooka na upitishe kidole juu yake. Kidole kitaona tofauti ambayo tepu haioni. Nguzo iliyopungua milimita moja haibebi chochote hadi nyingine zikubali kushuka.

Ukavu wa mbao una umuhimu uleule. Mbao mbichi inapokauka haipungui kwa urefu, hupungua kwa upana. Boriti yenye kimo cha milimita 95 ikijengwa ikiwa na unyevu inaweza kupoteza milimita 3 au zaidi ikikaa ndani ya nyumba. Zikipungua zote sawa, stendi inashuka kwa usawa na hakuna anayejua. Shida ni pale boriti moja ilipotoka kwenye rundo bichi na mwenzake kwenye rundo kavu: upande mmoja unashuka na mwingine unabaki. Nunua mbao zote kwa pamoja, zipange ndani ya nyumba zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, uziache majuma machache kabla ya kuzikata. Kisha tazama kila moja kutoka nchani kama imepinda. Iliyopinda kwa kujisokota itupe nje ya kazi hii. Iliyojikunja kidogo kama upinde inaweza kutumika chini, lakini juu weka zilizonyooka kabisa.

Unganisha fremu ya juu na ya chini kwanza, juu ya sakafu tambarare. Toboa matundu ya kutangulia, la sivyo ncha zitapasuka. Paka gundi ya mbao inayostahimili maji. Kaza skrubu za milimita 100, mbili kwa kila kiungo. Kabla gundi haijashika, pima mshazari kona hadi kona pande zote mbili. Fremu ya 122 kwa 62 iliyo mraba inatoa sentimita 136.8 au 136.9 kila upande. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, bana kwenye ule mrefu mpaka zilingane. Simamisha nguzo juu ya fremu ya chini, weka ya juu, na uzishike kwa skrubu za mshazari. Mpaka hapo kitu kizima kitatikisika, na fundi asihangaike kukitibu kwa kuongeza skrubu.

Kutikisika kunatibiwa na ukuta. Kisanduku cha kiberiti kisicho na droo hulala ubavu kwa kidole kimoja, kwa sababu hakuna uso unaozuia pembe zake kubadilika, na stendi isiyo na ukuta hufanya vivyo hivyo mtoto akiiegemea au mtu akisukuma kioo wakati wa kusafisha. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, ya sentimita 244 kwa 122, inatosha: ikate vipande vitatu vya sentimita 80, kimoja kibaki na upana wa 122 kwa ajili ya nyuma, viwili vipunguzwe hadi 62 kwa ajili ya mbavu. Gundisha kwenye boriti na nguzo zote, na ukaze skrubu za milimita 40 kila baada ya sentimita 15. Mabaki ya plaiwudi yanatoa pembetatu za kuziba pembe za mbele, ambako ukuta mzima hauwezekani kwa sababu ya milango. Tundu la mabomba na waya litobolewe katikati ya ukuta wa nyuma, mbali na kingo, na liwe la duara. Plaiwudi iliyokatwa mraba mkubwa kona ya juu haizuii tena chochote pale ilipohitajika.

Juu weka plaiwudi ya milimita 18, sentimita 122 kwa 62. Kabla ya kuiweka, hakiki kama fremu ya juu imejisokota: vuta nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia, kila moja kutoka kona hadi kona ya mshazari, zikipishana katikati. Zikigusana bila kusukumana, uso uko sawa. Kisha uhamishe ule wa chini uwe juu na utazame tena. Kukiwa na pengo, au uzi mmoja ukimkunja mwenzake, piga randa kona zilizo juu. Rula ndefu ya chuma ikilazwa juu ya boriti isiache mwanga wa zaidi ya milimita moja popote.

Mwenye tangi la chini la kuchujia maji afikirie mapema. Ukiweka nguzo za katikati, mlango wa mbele unabaki na uwazi wa sentimita 46 kila upande, na kati ya nguzo za T kunapita kitu cha upana usiozidi sentimita 34. Tangi la chini la urefu wa 90 litaingia tu kwa ubavuni kabla plaiwudi haijafungwa, na likipasuka halitoki. Kwa mtu huyo ni bora kutumia mbao za milimita 45 kwa 145 kwa fremu ya juu, nguzo zipunguzwe hadi sentimita 56, na za katikati ziachwe. Ncha za boriti ya kuvuka ziwekewe chini yake kipande cha mbao cha kukalia, kilichogundishwa na kukazwa kwenye boriti ndefu. Mlango unapata sentimita 103 bila kizuizi.

Chipubodi na MDF, yaani mbao za chembe au unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, zisiwe sehemu ya kubeba. Kabati za televisheni zimetengenezwa hivyo, na maji yakiingia kwenye kikato ubao huvimba, haurudi tena, na skrubu hubaki zimeshika unga. Hata mbao nzuri inahitaji rangi ya mafuta au vanishi pande zote, ndani pia. Vikato vya ncha vipakwe mara tatu, kwa sababu hapo nyuzi zimefunguka na hunywa maji. Ndani ya kabati, ziba kona za chini kwa silikoni ili maji yaliyomwagika yaonekane badala ya kujificha chini ya fremu.

Swali la sponji chini ya tangi linawachanganya wengi, na jibu lake linategemea kitako. Tangi lisilo na fremu ya plastiki, ambalo kioo cha chini kinagusa stendi chote, huwekewa mkeka mwembamba wa sponji ngumu unaomeza punje ya mchanga au kichwa cha skrubu. Tangi lenye fremu ya plastiki linakalia kingo zake tu, na kioo chake cha chini kimeinuliwa kwa makusudi. Sponji itakisukuma kutoka chini na inaweza kukipasua. Katika hali zote mbili sponji haisawazishi stendi iliyosokotwa. Na kabari zisiwekwe kamwe kati ya tangi na stendi. Sakafu ikiwa haijanyooka, kabari za plastiki ngumu ziingie chini ya fremu ya chini, chini ya kila nguzo na si kwenye kona pekee, huku pimamaji ikisomwa pande zote.

Kwenye sakafu ya zege iliyokaa juu ya ardhi hakuna wasiwasi. Ghorofani ni tofauti. Tangi, stendi na tangi la chini vinakaribia kilo 800 juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba, ilhali sakafu za vyumba vya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Haina maana kwamba zitaporomoka, kwa kuwa hesabu hiyo ni ya chumba kizima. Lakini tangi likae kando ya ukuta unaobeba jengo, likatize boriti za sakafu badala ya kulala juu ya moja, na kwa tangi kubwa kuliko hili aitwe mhandisi.

Jaza kwa hatua. Robo ya kwanza, kisha pimamaji na jicho kwenye mstari wa maji: kimo chake kutoka ukingo wa juu wa kioo kilingane kona zote nne. Nusu, pima tena. Ukiona kona imeshuka, toa maji ndipo uguse kabari. Usijaribu kuinua stendi yenye kilo mia tatu kwa mtaimbo. Likijaa, liache saa 24 kabla ya samaki. Soketi ya umeme iwe juu na pembeni, waya ushuke chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda kuichomeka ili tone linaloteleza lidondoke sakafuni, na njia hiyo ya umeme iwe na swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja.

Kwa wauzaji wa matangi nina ombi moja. Mnabandika lita kwenye kioo, na mnunuzi anaondoka na lita. Bandikeni pia uzito wa tangi likiwa limejaa, na maelezo kama kitako kinahitaji sponji au kinakatazwa. Fundi akisomewa hayo mawili atajua aanzie wapi hata kabla ya kuliona tangi lenyewe.

Fundi seremala na mfugaji wa samaki wa mapambo